Mstari Mwekundu Haujui Ngeli

Andika "kitabu yangu imepotea" kwenye kompyuta yenye kikagua tahajia cha Kiswahili, kisha subiri mstari mwekundu. Aghalabu hautatokea. "Kitabu" limo katika orodha yake, "yangu" limo, "imepotea" limo, na kikagua tahajia hutazama neno mojamoja tu. Sasa andika "wasingalitusimulia", neno lisilo na kosa lolote, na usishangae likipigwa mstari. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, yambwa na mnyambuliko kwa pamoja, hivyo mzizi mmoja huzaa maumbo maelfu ambayo hakuna orodha inayoyamaliza. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zana za kuandikia Kiswahili zimeongezeka, na husaidia sana kunasa herufi zilizoponyoka. Upatanisho wa kisarufi ni kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo nawashauri waandishi wachanga waache kuiuliza mashine "nimekosea wapi?" na badala yake waitumie kutafuta ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni kamusi, ila isomwe yote. Wengi hufungua kamusi kutafuta maana, wakaruka vifupisho vilivyo mbele ya maana, na sarufi yenyewe imekaa humo. Tazama "kiboko" katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Liko mara mbili: mnyama ameandikiwa a-/wa-, mjeledi umeandikiwa ki-/vi-. Ndiyo maana tunasema kiboko amezama na kiboko kimekatika. Kwenye vitenzi utaona kama kitenzi ni elekezi au si elekezi. Orodha nyingi za maneno zilizotapakaa mtandaoni zimeondoa alama hizo, zikabakiza tafsiri ya Kiingereza tu. Kwa mwandishi hizo hazina faida kubwa. Angalia pia mwaka wa toleo. Kamusi hiyo ilitoka kwanza mwaka 1981, na toleo la tatu ni la 2013. Ukipakua nakala ya zamani ukakosa humo neno "intaneti", usihitimishe kwamba si neno.

Ushahidi wa pili, ambao waandishi wetu wengi hawajaugusa, ni korpasi, yaani hifadhi kubwa ya matini inayotafutika kwa kompyuta. Chuo Kikuu cha Helsinki, kupitia kazi ya Profesa Arvi Hurskainen, kina korpasi ya Kiswahili ambayo toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25, mengi yakitokana na magazeti na vitabu. Unaandika neno, nayo inakuletea sentensi kwa sentensi jinsi watu walivyolitumia. Asiyeweza kuifikia atumie injini ya utafutaji ya kawaida: aweke maneno ndani ya alama za kunukuu, na akitaka kurasa za serikali ya Tanzania pekee, aongeze site:go.tz.

Tujaribu kosa moja linalonisumbua kila wiki ninapohariri: "mkutano unatarajia kufanyika". Tafuta, nalo litakuja kwa wingi, hata kutoka vyombo vya habari vyenye heshima. Je, wingi huo umelihalalisha? Hapana. Habari moja hunakiliwa na tovuti nyingi, na idadi ya matokeo inayoonyeshwa ni makadirio. Zisome sentensi zenyewe. Katika "serikali inatarajia kujenga barabara", mwenye kutarajia yupo. Mkutano hautarajii chochote. Watu ndio wanaoutarajia, kwa hiyo unatarajiwa kufanyika. Ukishaona hivyo katika sentensi kumi za kweli, hutahitaji kukumbushwa tena kauli ya kutendwa.

Matini nayo ina asili yake. Kumbukumbu rasmi za Bunge la Tanzania, ambazo ziko mtandaoni, ni hazina ya Kiswahili cha kuzungumzwa. Usizifanye kipimo cha uandishi sanifu. Gazeti moja litaandika "ofisa", jingine "afisa". Zanzibar watoto huenda skuli. Hayo si makosa. Mjue msomaji wako, chagua, halafu usibadilishe katikati ya makala.

Programu za akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengine, sizikatazi. Upatanisho huzikwaza mara chache kuliko kikagua tahajia. Tatizo ni kwamba hutoa kanuni ya kubuni kwa ujasiri uleule zinaotolea kanuni ya kweli, na ukiuliza "una hakika?" zinaweza kugeuka papo hapo. Pia zinaelekea kukuandikia Kiingereza kilichovaa kanzu: "mkutano ulichukua nafasi Jumatatu", "mwisho wa siku tunahitaji maji". Ngeli ziko sawa, ila Mswahili hasemi hivyo, mkutano hufanyika. Kila kanuni utakayopewa na programu hizo, irudishe kwenye kamusi na kwenye korpasi kabla ya kuiamini.

Anza na kazi yako mwenyewe. Fungua makala yako ya mwisho, bonyeza Ctrl na F, uandike "ambae". Ukilikuta, liandike "ambaye". Kisha tafuta "tarajia", na kila inapotokea jiulize nani anayetarajia.