Subira Katika Foleni ya Mawimbi

Wakazi wa Kyarumba, miteremkoni mwa Rwenzori, wanajua jinsi mito inavyofurika ghafla, kama ilivyotokea wilayani Kasese Mei 2020. Saa hiyo kila mtu hushika simu. Lakini mnara huwagawia wengi masafa machache. Nafasi zikijaa, apigaye hukataliwa. Hesabu ya foleni hizo iliasisiwa na Agner Krarup Erlang wa Denmark, mwaka 1909.

Adui mkubwa ni pupa. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuunganisha vituo vyake kwa njia moja ya redio, iliyoitwa ALOHA. Jumbe zilizogongana ziliharibika, zikatumwa upya. Hesabu ilionyesha kwamba njia hiyo haipitishi zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wake. Majaribio yakizidi, hupita jumbe chache zaidi. Ndiyo maana kila kituo kilingoja muda tofauti na mwenzake kabla ya kurudia. Simu zetu nazo huomba nafasi mnarani kwa mtindo unaofanana na huo.

Askari mwenye redio huijua nidhamu hii: sikiliza kwanza, sema kwa ufupi, achia njia. Nasi nyumbani tuifuate. Simu ikikataliwa, ngoja kidogo, au tuma ujumbe mfupi. Huenda nafasi uliyoiacha ikampata mama anayeomba gari la wagonjwa.