Mlio wa damu nyuma ya panja

Treni ya Reli ya Kati inapoikaribia Tabora, mtu aliyesimama kando ya njia huisikia honi yake ikiwa kali na nyembamba. Ikishampita, honi ile ile hushuka na kuwa nzito. Dereva hajagusa kitu. Chombo kinachokuja huyabana mawimbi ya sauti, na kinachokwenda huyatanua. Mwanasayansi wa Austria, Christian Doppler, aliieleza kanuni hiyo mjini Prague mwaka 1842 alipokuwa akizungumzia mwanga wa nyota. Miaka 3 baadaye, Mholanzi Buys Ballot aliijaribu kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht. Leo kanuni hiyo inaweza kumwepusha mtoto wa Kanyenye, mjini Tabora, na kiharusi.

Kiharusi kwa mtoto? Wengi hawalisadiki hilo mpaka lifike nyumbani kwao. Mtoto alilala mzima, ameamka mkono mmoja hauinuki na mdomo umepinda. Mmoja atasema ni degedege, mwingine atasema amepitiwa na upepo mbaya. Mara nyingi chanzo ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuvunjika upesi.

Magharibi na kaskazini-magharibi mwa Tanzania ugonjwa huu una mizizi mirefu, kwa sababu malaria nayo ina mizizi mirefu huko. Aliyerithi kijeni cha selimundu kwa mzazi mmoja tu hulindwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, na kwa vizazi vingi kijeni hicho kimeendelea kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Uchunguzi uliofanywa kwenye maabara ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2020, ulipima sampuli za damu za watoto wadogo zaidi ya 17,000 kutoka mikoa tisa. Karibu mmoja kati ya watano alibeba kijeni hicho, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa nchi nzima inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Daktari Kwaku Ohene-Frempong, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi Marekani, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1998 kwamba bila kinga, takriban asilimia 11 ya wenye aina kali ya ugonjwa huu hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Hatari hiyo huanza mapema sana, tangu umri wa miaka 2 hivi. Chembe zilizojikunja huchubua kuta za ndani za mishipa mikubwa iliyo chini ya ubongo. Ukuta huvimba, njia ya damu hupungua, na damu hulazimika kukimbia ili ipite, kama maji ya mpira yanavyoruka mbali ukibana mdomo wake kwa kidole. Upungufu wa damu nao huuharakisha moyo, na kasi huzidi.

Kasi hiyo ndiyo inayopimwa. Mwaka 1982 Rune Aaslid, mtafiti wa Norway, alionyesha kwamba mfupa wa panjani ni mwembamba kiasi cha kuruhusu mawimbi ya altrasaundi kupenya hadi kwenye mishipa ya ubongo. Mtoto hulazwa kitandani, hupakwa jeli mbele ya sikio, na mtaalamu huweka hapo kifaa kidogo cha mkononi. Hakuna sindano wala dawa ya usingizi. Kifaa hutoa mawimbi yenye mitetemo milioni 2 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mawimbi hugonga chembe za damu na kurudi yakiwa yamebadilika kidogo. Damu ikikimbia mita 2 kwa sekunde, tofauti kati ya wimbi lililokwenda na lililorudi huwa kama mitetemo 5,200 kwa sekunde, na hiyo sikio huisikia vizuri. Kwa hiyo mashine huipeleka tofauti hiyo kwenye spika, na mzazi aliyekaa pembeni husikia damu ya mwanawe: shwaa, shwaa, shwaa.

Kipimo ni rahisi kwa mtoto, lakini kwa mpimaji kinadai ujuzi. Kifaa kikiukabili mshipa kimshazari mno, kasi husomeka ndogo kuliko ilivyo. Kikiukata kabisa kwa pembe mraba, hakisomi kitu hata kama damu inafoka. Mtoto akilia, akiwa na homa au akisinzia, namba huharibika. Mpimaji mzuri hubembeleza kwanza, kisha hutafuta mshipa taratibu, upande wa kulia na wa kushoto, mpaka apate mlio mkali kuliko yote.

Namba zenyewe zimewekwa wazi. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni kawaida kwa mtoto mwenye selimundu. Kati ya 170 na 199 ni kiwango cha kutazamwa kwa karibu. Kuanzia 200 ni hatari. Mpaka huo ulitokana na kazi ya Robert Adams na wenzake huko Georgia, Marekani. Katika utafiti wao uliotangazwa mwaka 1998, watoto 130 wenye kasi ya hatari waligawanywa makundi mawili. Kundi lililoendelea na matibabu ya kawaida lilipata viharusi 11, na lile lililoongezewa damu kila mara lilipata kimoja tu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake ili wote wapewe nafasi ya kuongezewa damu.

Lakini kuongezewa damu kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, si jambo linalowezekana kwa familia nyingi za Tabora. Akiba ya damu hospitalini ni ndogo, na madini ya chuma huzidi mwilini. Hapo ndipo kazi ya Bugando inapostahili kutajwa kwa heshima. Wataalamu wa hospitali hiyo walifunzwa kupima wenyewe, wakawapima watoto wapatao 200 wa miaka 2 hadi 16, na karibu robo yao walikutwa na kasi ya 170 au zaidi. Hao walipewa vidonge vya haidroksiurea, dawa inayouhimiza mwili kurudisha aina ya himoglobini aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo huzuia chembe kujikunja. Baada ya mwaka mmoja wastani wa kasi ulikuwa umeshuka waziwazi.

Tatizo ni masafa. Reli ya Tabora hadi Mwanza ipo tangu mwaka 1928, lakini mama mwenye watoto watatu na kibanda cha biashara sokoni hawezi kuifanya safari hiyo kuwa kazi ya kila miezi michache. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete iko Tabora mjini hapo hapo. Si lazima inunuliwe mashine ya ubongo pekee: mashine ya kawaida ya altrasaundi yenye Doppler ya rangi, ikiwa na kifaa cha mawimbi ya chini, huweza kufanya kazi hiyo, ingawa namba zake husomeka pungufu kwa takriban asilimia 10, na mipaka ya hatari lazima ishushwe hivyo hivyo. Kinachohitajika zaidi ni mkono uliofunzwa.

Na mkono huo hautakosa kazi nyingine. Doppler ya rangi huonyesha damu inayokuja kwenye kifaa kwa rangi nyekundu na inayokwenda kwa bluu, iwe ya ateri au ya vena. Kwa mtu ambaye ini lake limeumizwa na kichocho cha tumbo, huonyesha kama damu bado inaingia kwenye ini au imegeuka nyuma, dalili kwamba anaweza kuja kutapika damu. Huonyesha bonge la damu kwenye mguu uliovimba, na korodani iliyojisokota ikakosa damu, ambayo ina saa chache tu kabla ya kufa. Kwenye uvimbe wa titi au wa shingo huonyesha mishipa mipya inayoulisha, ila haiwezi kuthibitisha saratani. Kwa hilo ni lazima kukata kinyama na kukipima maabara.

Mzazi wa Kanyenye mwenye mtoto wa selimundu wa miaka 2 hadi 16 ana haki ya kumuuliza daktari wake kuhusu kipimo cha kasi ya damu ya ubongo. Kama namba ni ya kawaida, hurudiwa baada ya mwaka. Ikiwa kati ya 170 na 199, hurudiwa baada ya miezi 3 hadi 6, na mazungumzo ya haidroksiurea huanza siku hiyo hiyo. Ikifika 200, hurudiwa ndani ya wiki chache kuthibitisha, na tiba haingoji mtoto aonyeshe dalili yoyote.