Bakuli la Sukari la Lemony Snicket na Nadharia za Wasomaji Wake

Katika mfululizo wa vitabu 13 vya watoto uitwao A Series of Unfortunate Events, ambao Mmarekani Daniel Handler aliutoa kati ya mwaka 1999 na 2006 kwa jina la kubuni la Lemony Snicket, kimo chombo kimoja cha mezani kinachowindwa na watu wazima kwa udi na uvumba, ilhali msomaji hafunuliwi hata mara moja kilichomo ndani yake. Chombo hicho ni bakuli la sukari, na mjadala uliozuka juu yake ni mfano bora wa nadharia za mashabiki, yaani maelezo ambayo wasomaji wenyewe huyaunda, kwa kuunganisha dalili zilizotawanyika kitabuni, ili kujaza pengo aliloliacha mwandishi.

Kisa chenyewe kinawahusu yatima watatu wa ukoo wa Baudelaire, Violet, Klaus na Sunny, ambao wazazi wao wanasemekana kufa motoni na ambao wanaandamwa na Count Olaf kwa sababu ya urithi wao. Taratibu watoto hao wanagundua chama cha siri kiitwacho V.F.D., kilichogawanyika pande mbili kwa mfarakano wa zamani, upande mmoja ukizima moto na mwingine ukiuwasha. Katika kitabu cha sita, Esmé Squalor, tajiri mpenda mitindo, analalamika kwamba aliibiwa na mwanamke aitwaye Beatrice, na baadaye hubainika kwamba kilichoibwa ni bakuli hilo. Tangu hapo linatafutwa milimani, kisha kwa nyambizi katika pango la baharini, hadi katika kitabu cha 12 kunguru wanapolibeba angani kuelekea hotelini.

Wapo wasomaji wanaoamini kwamba ndani yake mlifichwa ushahidi wa kuwatia hatiani wahalifu wa chama hicho. Dhana hiyo inaafikiana na vitabu vya mwisho, ambamo kesi ya Olaf inasikilizwa, lakini haielezi kwa nini siri iwekwe katika chombo cha chai.

Nadharia yenye mizizi mirefu zaidi inahusu sumu. Katika kitabu cha 11, kilichotoka mwaka 2004, Sunny anaingiwa na mbegu za kuvu hatari iitwayo Medusoid Mycelium, ambayo dawa yake ni mzizi mkali wenye ladha inayokaribia ile ya haradali. Mashabiki walikumbuka kwamba katika kitabu cha pili, kilichochapishwa miaka mitano kabla, barabara wanayopita watoto hunuka mzizi huohuo kwa sababu ya kiwanda kilichopo karibu, wakahitimisha kwamba bakuli lilikuwa na sukari chotara, iliyozalishwa kutokana na mmea uliochanganywa na mzizi huo ili kumkinga mnywaji dhidi ya kuvu. Usomaji wa namna hii, unaorudi nyuma na kulipa uzito jambo lililodhaniwa kuwa pambo tu, hautofautiani sana na kazi ya mhakiki, na ni haki kuuheshimu hata pale unapofanywa na mtoto wa miaka kumi.

Kundi la tatu husema yaliyomo hayana maana. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alikiita MacGuffin kitu cha aina hiyo, ambacho wahusika hukigombania na hivyo kukiendesha kisa, ingawa chenyewe hakina uzito kwa mtazamaji.

Tamthilia ya televisheni ya Netflix, iliyokamilika mwaka 2019, iliunga mkono nadharia ya pili, kwani humo bakuli lina sukari chotara yenye kinga. Hata hivyo, jibu hilo haliwezi kurudishwa vitabuni bila kuleta mashaka, kwa kuwa katika kitabu cha mwisho kazi hiyohiyo hufanywa na matufaha chungu ya mti ambao wazazi wa yatima hao waliuchanganya na mzizi ule. Zaidi ya hayo, yatima wa Handler wanarithi ugomvi ambao chanzo chake hakuna mtu mzima anayewaeleza kikamilifu, na bakuli lililofungwa linamweka msomaji katika hali ileile ya kuteseka kwa jambo lililoanza kabla hajazaliwa. Tamthilia ilipolifunua, iliwapa watazamaji ujuzi ambao Violet, Klaus na Sunny wa vitabuni hawakuupata kamwe.