Tawakali si kukaa kibarazani ukingoja

Sisi wakazi wa Mikindani hatuna haja ya kuelezwa maana ya mabadiliko ya ghafla. Tumezoea kuona matrela yakipita usiku na mchana, madereva na matanboi wao, yadi zilizojaa makasha, na kina mama wanaouza mahamri kwa mbaazi tangu alfajiri. Riziki ya mtaa huu ilitoka bandarini.

Mei 31, 2017 reli ya SGR ilizinduliwa, stesheni yake ikiwa hapa jirani, Miritini. Kisha Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo ya kutoka ng'ambo inayokwenda bara isafirishwe kwa treni na kushughulikiwa katika bandari ya nchi kavu ya Nairobi. Watu wakaandamana mjini Mombasa. Mimi nilikuwa karani wa kampuni ya uwakala wa forodha, na diploma yangu mkononi. Kabla mwaka haujaisha, kibarua changu kikaota nyasi. Machi 2020 korona ikaingia, kafyu ikawekwa na misikiti ikafungwa.

Kila niliyekutana naye aliniambia, "Mtegemee Mungu, ndugu yangu." Ni neno la haki. Lakini wengi wetu hulielewa nusu.

Tawakali ni moyo kumtegemea Mwenyezi Mungu huku viungo vikifanya kazi. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Aliambiwa amfunge, kisha ndipo atawakali. Anayekaa kibarazani akisema riziki itamfuata, huyo hajatawakali, amezembea tu.

Mtazame pia Bi Hajar. Alikuwa na yakini kwamba Mola wake hatamtupa yeye na mwanawe. Hata hivyo hakukaa. Alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa mara saba akitafuta msaada. Maji ya Zamzam hayakutoka kule alikokimbilia, yalibubujika alipokuwa mtoto. Juhudi ilikuwa yake, lakini mlango wa riziki aliuchagua Mola.

Mimi nilichelewa kulielewa hilo. Mke wangu alianza kukaanga viazi vya karai mlangoni, nami nikawa namenya viazi ndani. Akipita mtu tuliyefanya kazi naye, nilijificha. Siku moja nikajiuliza, ni nini hasa ninachokionea haya? Kazi ilikuwa halali na watoto walikula. Miaka yote nilidhani namtegemea Mungu, kumbe nilitegemea mwisho wa mwezi. Tangu siku hiyo nikatoka nje, nikashika karai.

Tawakali pia haimkatazi mtu kudai haki yake. Waliolipinga agizo lile mahakamani nao walikuwa wakifunga ngamia. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ililibatilisha. Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto akaagiza shughuli hizo zirudi Mombasa. Hata hivyo, si kila aliyepoteza kazi alirudishiwa. Kutawakali si ahadi kwamba utarejeshewa kilekile ulichopoteza.

Basi ndugu yangu, mambo yakikugeukia, fanya haya. Swali istikhara na utake ushauri kwa wenye kujua. Shika kazi ya halali iliyo karibu, hata iwe ndogo, kwani mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Usiwafiche watu wa nyumbani hali yako. Na wewe ambaye bado una kazi, usimwambie jirani "subiri" huku chungu chake hakijainjikwa siku mbili. Mpelekee unga kwanza, kisha umpe nasaha.

Mwenyezi Mungu atupe subira, na atufungulie milango ya kheri tusiyoitarajia. Amin.