Kitenzi "Take Off" na Matumizi Yake

Miongoni mwa mambo yamtaabishayo msomi wa Kiingereza, hata baada ya kuhitimu sarufi na kuhifadhi msamiati maridhawa, hakuna yashindayo vitenzi vile ambavyo Waingereza huviambatanisha na neno dogo, kama vile "up", "out" au "off", vikapata maana asiyoweza kuibashiri aliyeyajua maneno hayo mbalimbali. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake iliyotoka London mwaka 1755, alikiri kwamba hapo ndipo wageni wapatapo mashaka makubwa kupita yote. Na ukiri huo, kwa Mwingereza mwenye kuienzi lugha yake, si haba.

Chukua "take off". Kuhusu nguo, maana yake ni kuvua, nasi hatustaajabu, kwa kuwa hata kwetu vaa hugeuka vua kama funga igeukavyo fungua, ila sisi kinyume hukitia ndani ya kitenzi chenyewe. Lakini ndege nayo, ambayo haivui kitu, husemwa "takes off" inapopaa. Biashara iliyosuasua kisha ikashamiri kwa ghafla husemwa vivyo hivyo. Muuzaji apunguzaye shilingi kumi katika bei, na karani apumzikaye Ijumaa asiende kazini, wote hutumia kitenzi hicho hicho. Na Johnson alikitaja kwa maana ya kunakili, ambayo haiko mbali na ile iliyopo hata sasa ya kumwiga mtu kwa kumfanyia mzaha.

Atakayepambanua maana hizi na atazame kwanza kama pana kitu kinachotendwa. Pasipokuwapo, aghalabu ni kupaa, kushamiri, ama kuondoka kwa haraka. Pakiwapo, kitu chenyewe ndicho kitoacho fatwa.

Ugumu hasa, kwa rai yangu, haumo katika maana bali katika mpango wa maneno, jambo ambalo walimu wengi hulipita mbio. Yafaa kusema "take off your shoes", yafaa pia "take your shoes off". Ila viatu vikishatajwa kwa kiwakilishi tu, hapana hiari, sharti kiwakilishi kikae katikati: "take them off". Asemaye "take off them" hujidhihirisha papo hapo kuwa ni mgeni, hata akiwa na matamshi safi namna gani. Siku ya mapumziko nayo hupenda kukaa katikati, "take Friday off", ijapokuwa si kiwakilishi. Na kitenzi kikigeuzwa jina, kikaandikwa "take-off", mkazo wa sauti uliokuwa juu ya "off" huhamia juu ya "take".