Kiongozi wa Madaktari wa Akili Atangulize Nini?

Mtu akisikia kwamba madaktari wa magonjwa ya akili wamechagua viongozi wapya wa chama chao, huenda akageuza ukurasa akatafute habari za kandanda. Tunawaomba ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi wasifanye haraka hiyo. Chama cha namna hiyo kinapokaa na kuamua jambo lipi litangulie na lipi lisubiri, askari ni miongoni mwa watu wa kwanza watakaofaidika au kuumia. Tumechagua habari za chama cha Marekani, kwa kuwa historia yake imefungamana na vita kwa namna iliyo wazi mno.

Chama hicho kilianzishwa mwaka 1844 mjini Philadelphia na watu 13, wote wakiwa wasimamizi wa hospitali za wendawazimu. Walilolitanguliza lilikuwa ni uendeshaji wa hospitali hizo: majengo, watumishi, na utunzaji wa wagonjwa waliofungiwa humo. Kwa miaka mingi daktari wa akili alikuwa mtu wa nyuma ya ukuta mrefu, na yasiyofika ukutani hapo hayakumhusu.

Vita Kuu ya Kwanza ilibomoa ukuta huo. Vijana waliotoka katika mahandaki ya Ulaya wakiwa mabubu, au wakitetemeka bila kuwa na jeraha, walikuwa wengi mno hata haikuwezekana kuwaita wote waongo. Hata hivyo wako waliohukumiwa. Waingereza waliwapiga risasi askari wao na wa makoloni yao 306 kwa makosa kama vile utoro na woga, na msamaha wao ulipitishwa mwaka 2006, yaani miaka tisini hivi baada ya wao kuzikwa. Mwaka 1917 daktari Thomas Salmon wa Marekani alitumwa Ulaya kuchunguza jambo hilo. Alirudi na fundisho lililo jepesi kulieleza: mgonjwa atibiwe karibu na mstari wa mbele, atibiwe upesi, na aambiwe tangu mwanzo kwamba atapona na kurudi kwa wenzake. Mwaka 1923 Salmon alikuwa Rais wa chama hicho.

Jambo la kusikitisha ni kwamba fundisho hilo lilisahauliwa. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, wakubwa wa taaluma hiyo waliona dawa ni kuchuja watu mlangoni, ili wenye akili dhaifu wasiandikishwe kabisa. Zaidi ya watu milioni moja walikataliwa. Waliobaki, yaani wale walioitwa imara, walivuka bahari wakaanguka vilevile. Huko Tunisia mwaka 1943 wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wengi hata Jenerali Omar Bradley akaamuru kwamba kila askari aliyeletwa kwa ugonjwa wa akili aandikiwe kwanza neno moja tu, "uchovu", apumzike, alale, apewe chakula cha moto, ndipo achunguzwe. Sisi tunaliona neno hilo kuwa amri njema kupita nyingi zilizotolewa katika vita ile. Mtu aliyechoka hurudi kwa wenzake bila aibu. Aliyeandikiwa wazimu hurudi na nini?

Miezi michache baadaye, huko Sisilia, Jenerali George Patton aliwapiga makofi askari wawili waliolazwa kwa ugonjwa huo, akiwaita waoga. Mmoja wao, kama ilivyogunduliwa, alikuwa na malaria pia. Mkuu wake, Eisenhower, alimlazimisha aombe radhi. Baada ya vita, madaktari wa jeshi hilo walikadiria kuwa askari wa miguu, hata awe hodari namna gani, huishiwa nguvu za moyo baada ya siku 200 hadi 240 za mapigano. Kila chombo kina kipimo chake, na ushujaa si kinga.

Aliyeyapeleka mafunzo hayo ndani ya chama ni Brigedia Jenerali William Menninger, aliyekuwa mkuu wa tiba ya akili katika jeshi la nchi kavu. Mwaka 1946 yeye na wenzake, wengi wao wakiwa wametoka vitani, waliunda kundi lao la kukisukuma chama. Wazee hawakupendezwa. Waliona vijana wanataka kukiteka chama na kukiingiza katika mambo ya jamii yasiyohusu hospitali. Hata hivyo Menninger alichaguliwa Rais, akashika kazi kwa kipindi cha 1948 hadi 1949. Aliyoyatanguliza ni mafunzo ya madaktari wengi zaidi, hali mbaya ya hospitali za serikali, na kukipatia chama mtendaji mkuu wa kudumu. Hilo la mwisho laonekana dogo, lakini Rais wa chama hicho hukaa mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja kwa kiongozi ni sawa na likizo ya askari: unafungua begi, mara unaambiwa ufunge.

Kazi kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ilikuwa ya karatasi. Mwaka 1952 chama kilitoa kitabu chake cha kwanza cha majina ya magonjwa ya akili, kikichota kwa wingi kutoka katika orodha iliyotungwa jeshini mwaka 1943. Humo mlikuwa na jina la maradhi ya mtu mzima wa akili aliyepatwa na mambo mazito kama vita. Toleo la pili likatoka mwaka 1968, na jina lile halikuwamo. Huo ndio mwaka ambao vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto! Askari aliyerudi akiota milipuko na kuruka kila mlango unapogongwa hakuwa na jina la kuandikiwa. Wengine waliandikiwa wazimu wa aina nyingine, wengine waliambiwa kwamba tabia zao zilikuwa mbovu tangu utotoni. Na pasipo jina la ugonjwa ni vigumu kudai matibabu, tena ni vigumu zaidi kudai fidia.

Kuanzia mwaka 1970 askari hao walikutana mjini New York kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, pamoja na madaktari Robert Jay Lifton na Chaim Shatan. Madaktari hao waliibana kamati ya kitabu, iliyoongozwa na Robert Spitzer, mpaka toleo la tatu la mwaka 1980 likaandika rasmi ugonjwa unaomfuata mtu baada ya kupatwa na jambo la kutisha. Miaka 12 ilikuwa imepita. Hatuoni kwamba kuna aliyekusudia ubaya. Jambo lile halikuwa juu ya meza ya mtu yeyote mwenye cheo, basi.

Wengine walisubiri zaidi. Hadi mwaka 2018 ndipo mtu mweusi, Dk. Altha Stewart, alipokuwa Rais wa chama hicho, na mwaka 2021 chama kiliomba radhi hadharani kwa ubaguzi wa rangi katika taaluma yake.

Tukirudi upande wetu wa Afrika, Chama cha Madaktari wa Akili cha Kenya nacho kilichagua la kutanguliza. Pamoja na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo, kilikwenda Mahakama Kuu kupinga kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichomfanya mtu anayejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Sheria hiyo ilikuwa urithi wa Waingereza, ambao wenyewe waliifuta ya kwao mwaka 1961, kabla Kenya haijapata uhuru. Januari 2025 Mahakama ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Polisi wanaelewa uzito wa jambo hilo kuliko sisi tunaoandika. Ni wao wanaoitwa usiku kukata kamba, na ni wao waliokuwa wakipaswa, baada ya kumrudishia mtu pumzi, kumfungulia jalada la mashtaka. Konstebo wa namna hiyo akimpakia mtu wake garini, sasa anaweza kumwambia dereva aelekee hospitali.