Rezo ikikatika: ulizeni mashini moja moja mbele ya kutoa franga



Siku hizi kuna kooperative zenye ordinatere moja kwenye buro na ingine kwenye depo, pale tunapopima magunia ya mpunga. Zinaunganishwa na ruta, lile sanduku dogo lenye taa. Depo inaandika kilo, buro inazisoma na kutayarisha malipo. Rezo ikikatika, mkulima aliyetembea na mzigo wake anaambiwa arudi kesho. Mara watu wanasema: "Ruta imekufa, tununue ingine." Franga za wote zinatoka, kumbe ni waya tu uliochomoka.

Kuna njia ya kujua shida iko wapi bila kulipa kitu. Inaitwa ping, programu ndogo ambayo imo tayari ndani ya ordinatere. Mmarekani Mike Muuss aliiandika mwezi wa Desemba 1983. Jina alilitoa kwenye mlio wa vyombo vya meli vinavyotuma sauti ndani ya maji na kungoja mwangwi wake.

Inafanya kazi namna gani?

Mtu akisimama Kasuku na kumwita mwenye mtumbwi aliye ng'ambo, Alunguli, anasikiliza mambo mawili: je, amejibiwa? Na jibu limekawia? Ping ni vile vile. Kila mashini katika rezo ina namba yake. Ping inatuma ujumbe mfupi kwa ile namba, mashini inaurudisha, na muda unahesabiwa kwa milisekunde. Milisekunde 1000 ni sekunde moja.

Anzeni karibu, muende mbali

Kwenye Windows, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni cmd, kisha Entrée. Dirisha jeusi linafunguka. Hapo:

1. Andikeni ping 127.0.0.1. Namba hii ni ya ordinatere yenyewe. Isipojibu, shida iko ndani yake.

2. Andikeni ipconfig, mtafute mstari "Passerelle par défaut". Namba yake, kwa mfano 192.168.1.1, ni ya ruta. Ipigieni ping. Isipojibu, angalieni waya, Wi-Fi, na kama ruta inapata umeme.

3. Pigeni ping kwa namba ya ordinatere ya depo. Kule depo, ipconfig inaionyesha kwenye "Adresse IPv4". Ruta ikijibu lakini depo ikinyamaza, endeni depo mkatazame.

4. Andikeni ping 8.8.8.8. Hii ni mashini ya Google, iko nje. Kama zote za kwetu zimejibu na hii peke yake imenyamaza, shida iko kwenye intaneti: pengine forfait imekwisha. Msifungue ruta bure.

Kusoma majibu

Windows inauliza mara 4. "Réponse de" maana yake imejibu. "Délai d'attente de la demande dépassé" maana yake tumengoja, hakuna jibu. Mkiona "perte 25%", jibu moja kati ya manne limepotea: pengine waya umelegea ao Wi-Fi ni dhaifu. Ndani ya nyumba, muda ni milisekunde chache. Kwa intaneti ya setilaiti iliyo juu kilomita karibu 36,000, muda unapita 500. Ule siyo ugonjwa, ni umbali.

Lakini muangalie: kunyamaza siyo kufa kila mara. Kuna ordinatere za Windows zinazokataa ping kwa ajili ya usalama. Ndiyo maana tunawaomba mpime siku ambayo kila kitu kiko muzima, muandike namba na majibu kwenye karatasi, muibandike ukutani. Siku ya shida mtalinganisha. Namba zikibadilika, karatasi nayo ibadilishwe.

Shambani tunafanya hivi hivi. Majani ya muhogo yakigeuka manjano, hatunyunyizi dawa mbele ya kuangalia shina na mizizi.

Na daftari la kilo lisitupwe. Rezo iwepo ama isiwepo, kila mwanamemba aondoke depo na karatasi yenye kilo zake.